Kinga ya meno shuleni: gego la miaka 6 lisisubiri maumivu

Katika umri wa miaka 6 hivi, mtoto anapoandikishwa darasa la kwanza, gego lake la kwanza la kudumu huchomoza nyuma ya meno ya utoto. Halisubiri jino lolote ling'oke, hivyo wazazi wengi hulidhani kuwa nalo ni la utoto na, likitoboka, hutarajia litaota jingine. Halioti jingine. Ndiyo maana huduma za kinga hupelekwa shuleni: mtoto afikiwe jino likingali zima, badala ya kungojwa hospitalini shavu likiwa limevimba.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika taarifa yake ya mwaka 2022, lilikadiria kuwa watoto wapatao milioni 514 duniani wana meno ya utoto yaliyooza. New Zealand ilianza mapema, mwaka 1921, kwa kuwafunza wauguzi wa meno waliowahudumia wanafunzi shuleni. Scotland, kupitia mpango wa Childsmile, huwasimamia watoto wa shule za awali wapige mswaki kila siku.

Nguvu ya zoezi hilo imo katika floraidi iliyomo kwenye dawa ya meno. Bakteria wa kinywani hugeuza sukari kuwa asidi inayomomonyoa tabaka gumu la nje la jino. Floraidi huliimarisha tabaka hilo. Mtoto wa miaka 3 hadi 6 atumie dawa kiasi cha punje ya njegere, ateme povu, wala asisukutue kwa maji mengi. Katika maeneo ya Bonde la Ufa, mathalani Arusha, ambako baadhi ya vyanzo vya maji vina floraidi nyingi inayoyatia meno madoa ya kahawia, usimamizi wa kutomeza dawa ni wa lazima zaidi.

Mswaki pekee, hata hivyo, haufiki ndani ya mifereji myembamba ya gego. Mtaalamu huisafisha na kuiziba kwa utando wa plastiki, bila sindano wala kuchimba. Kwa mujibu wa Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC), utando huo huzuia asilimia 80 ya matundu ya magego kwa miaka 2. Baadaye kinga hupungua, hivyo ukaguzi wa marudio hauna budi kupangwa.

Jino lililokwisha kuanza kuoza laweza kupakwa dawa ya majimaji yenye fedha na floraidi, ambayo WHO iliiingiza mwaka 2021 katika orodha ya dawa muhimu. Husimamisha uozo kwa gharama ndogo, lakini huiacha sehemu iliyooza ikiwa nyeusi daima. Wazazi waelezwe hilo kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa.