"Ntu" naye ni mtu

Leo nataka tuongee kile kichekesho cha mabweni. Sie wa Kisiwa Panza tukisema "ntu", "nkono", "ntoto", basi ukumbi mzima kicheko. Juzi kwenye semina mwenzetu alikuwa anawasilisha kazi yake, akaambiwa mbele ya watu aongee Kiswahili kwanza. Toka siku ile jamaa hanyanyui mkono tena. Ndo mana nimeona tupige historia kidogo.

Hapo kale neno lilikuwa na u: muntu. Huku pwani ile u ya mu- ikamezwa kwenye maneno mengi, ikabaki m peke yake. Lakini silabi haikufa, m ikaibeba! Piga makofi uhesabu: m-tu, mara mbili, na mkazo uko juu ya m. Ndo mana mbuni yule ndege ana silabi mbili, mbu-ni, na mbuni mti wa kahawa una tatu, m-bu-ni.

Sie Wapemba tukasogea hatua moja mbele: ile m inafuata sauti iliyo mbele yake. Ikikutana na t inakuwa n, ntu. Ikikutana na k inatamkiwa nyuma ya kinywa, nkono. Ikikutana na p midomo ishafumba, inabaki mpira. Hiyo ni kanuni wandugu, si uvivu wa ulimi. Na hatuko peke yetu. Wadenmaki huko Ulaya wanaandika katten, yaani yule paka, ila wakiongea ile e inamezwa na n inabaki silabi peke yake. Hakuna anayewaambia waongee Kidenmaki kwanza.

Sasa nani aliamua "mtu" ndo sahihi? Krapf alifika Mombasa 1844 akashughulika na Kimvita. Steere alifika Unguja 1864, na 1870 akatoa kitabu chake cha sarufi ya Kiunguja. Mwaka 1928 wakakutana Mombasa, Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya nchi nne (Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar) ikaanza kazi 1930, na 1939 kamusi ikatoka. Serikali za kikoloni zilitaka vitabu vya skuli vya aina moja, basi. Hakuna aliyepima lahaja akakuta yetu ina kasoro.

Tena usanifu wenyewe ulipoteza vitu. Paa la nyumba halina mpumuo, paa mnyama anao, na wazee wa pwani wanavitenga vizuri tu wakitamka. Tahajia sanifu ikaviandika sawasawa, na leo wengi wetu hatusikii tena tofauti.

Kusema kweli Kiswahili sanifu kina faida yake. Bila hicho mie na mtu wa Bukavu tungehangaika kuelewana, na kwenye mtihani nitaandika "mtu" kama kawaida. Lakini BAKIZA wenyewe walitoa kamusi ya lahaja ya Kipemba 2012. Kama baraza la lugha linaitunza, ukumbi wa semina unaicheka kwa lipi?

Kwa hiyo ndugu yangu wa Panza, nyanyua nkono wako. Ukiulizwa, waambie n yako ni silabi kamili, na kwenye ntu ina mkazo.

Haya, tuonane mkahawani.