Theluji juu ya kidonda: historia ya kumzuga mtoto maumivu

Hadi katikati ya miaka ya 1980, vichanga katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani walipasuliwa kwa dawa kidogo mno ya maumivu, wakati mwingine bila dawa kabisa, kwa imani kwamba mishipa yao ya fahamu haijakomaa. Mwaka 1987 Kanwaljeet Anand na wenzake walichapisha ushahidi kwamba mwili wa kichanga huusikia uchungu wa kisu. Historia ya uhalisia pepe wodini, yaani ulimwengu wa kompyuta unaoyafunika macho ya mgonjwa, kwa maoni yangu inaanzia hapo, kabla ya kompyuta yoyote: anayekiona kilio cha mtoto kuwa deko tu hatafuti kifaa cha kukituliza.

Huko Seattle, mwaka 1996, wanasaikolojia Hunter Hoffman na David Patterson walianza kujaribu kofia za uhalisia pepe kwa wagonjwa walioungua. Taarifa yao ya mwaka 2000 ilihusu vijana wawili tu, waliosema wanaumia kidogo wakiwa na kofia kuliko wakicheza Nintendo. Baadaye ukaja mchezo wa SnowWorld: mgonjwa anaelea kwenye bonde la barafu akiwarushia pengwini mipira ya theluji, huku muuguzi akisafisha kidonda. Akili haiwezi kushika yote kwa pamoja. Ikizama kwenye theluji, uchungu huambulia mabaki. Bibi anayemwonyesha mjukuu ndege mtini huku akimtoa mwiba anaijua kanuni hiyo bila maabara.

Chukua Malawi, ambako kanuni hiyo ingefaa pia: Hospitali Kuu ya Kamuzu, Lilongwe, ina kitengo cha wagonjwa wa moto tangu mwaka 2011, na wengi wanaolazwa humo ni watoto. Saa ngumu ni ya kubadilisha bandeji: imegandamana na nyama mbichi, inaloweshwa, inabanduliwa polepole, na kesho kutwa kazi ni ile ile. Mtoto wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka ana mzigo wa pili. Kambi hiyo ya wilaya ya Dowa, iliyokuwa jela ya kisiasa enzi za Rais Banda kabla ya kupokea wakimbizi mwaka 1994, ilikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Sasa wanazidi 50,000, na mgonjwa anayekishinda kituo chake cha afya hupewa rufaa. Aliyelelewa kwa Kiswahili cha Kongo au Kirundi anakutana na wauguzi wanaozungumza Kichewa, asiweze hata kuuliza kama wamekaribia kumaliza. Mpira wa theluji hauhitaji mkalimani, hata kwa asiyewahi kuiona theluji.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya wenye nacho. Bei haitishi kama zamani: mwaka 2014 Google ilitoa Cardboard, miwani ya katoni inayotumia simu. Kinachonisumbua ni ushahidi. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2020 yalikusanya majaribio 17 yenye washiriki 1,008 wa miaka 4 hadi 18, yakakuta matokeo yasiyo na uhakika wa kutosha. Tazama umri huo. Anayejivutia sufuria ya uji mara nyingi hajafika miaka minne, na aliyeungua uso havikwi chochote. Kwao kuna dawa, mapaja ya mama na wimbo. Hata Seattle kofia iliongezwa juu ya dawa kali ya maumivu kama vile mofini, haikushika nafasi yake. Siikatai, naipanga ya tatu, baada ya dawa na mama. Basi wewe unayetaka kuichangia wodi ya watoto miwani, uliza kwanza kama mofini ya maji ipo kabatini.