Wayahudi wa Mbale na Jirani Zao



Akitajiwa Wayahudi, mtu wa kwetu Karagwe fikira zake huenda Palestina moja kwa moja. Ni wachache wajuao kuwa Mbale, Uganda, karibu na Mlima Elgon, wapo Wayahudi Waafrika, wakulima wa kahawa na migomba kama sisi.

Mwasisi wao ni Semei Kakungulu, mzaliwa wa Koki, si mbali na mpaka wetu. Alikuwa jemadari wa Buganda, akawasaidia Waingereza kuiteka Uganda ya mashariki, akahamia huko na watu wake. Waingereza walipompunguzia madaraka aliwapa kisogo, akazama katika kusoma Biblia, hasa Taurati. Mwaka 1919 alijitahiri, akawatahiri na wanawe, akajitenga na Wakristo. Mwaka 1920 Myahudi mgeni aitwaye Yosef aliwafundisha kalenda na taratibu za kuchinja. Kakungulu alifariki 1928. Wafuasi wake, Abayudaya, wakaendelea kulima na kuishika Sabato.

Ndipo ukaja utawala wa Idi Amin, 1971 hadi 1979. Ibada yao ilipigwa marufuku. Wengine walibadili dini kwa hofu, wengine wakasali mafichoni. Waliokuwa maelfu wakabaki mamia.

Hapa tuseme kweli. Amin alijiita Mwislamu, na aliyoitendea Kagera mwaka 1978 hatuhitaji kusimuliwa. Lakini Uislamu haukumpa ruhusa ya kumtia mtu imani kwa bunduki. Anayesali kwa hofu ya askari amemsalia askari.

Jirani wa Mbale wametuonyesha njia iliyo bora. Mkulima Myahudi, J. J. Keki, alikuwapo New York siku ya msiba wa Septemba 11, 2001. Aliporudi alipita nyumba kwa nyumba kwa Waislamu na Wakristo, na mwaka 2004 wakaanzisha pamoja ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Viongozi walitolewa katika dini zote tatu. Walijua kuwa mlanguzi anayempunja mkulima haulizi nani husali Ijumaa, nani Jumamosi, nani Jumapili.

Ndugu zangu, hapa Kituntu nasi tuna kahawa, na tuna jirani wa dini nyingine. Haki ya jirani haingoji asilimu. Tuitimize.

Wabillahi tawfiq.