Usiku wa Morogoro Uliokosa Filamu

Mbaraka Mwinshehe, mwanamuziki wa Morogoro, tunaye kwa sauti. Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyefariki kwa ajali mwaka 1965, naye tunaye kwa sauti. Nyimbo zao zilirekodiwa, zikarushwa redioni, zikanusurika, na leo kijana wa Mji Mpya anazipiga kwenye simu yake. Lakini anayetaka kumwona Mbaraka mwenyewe jukwaani, saa tano za usiku, vidole vikipanda na kushuka kwenye gitaa na ukumbi mzima umesimama, huishia kwenye picha za mnato. Wengi wetu tuliozaliwa baada ya Januari 1979, alipofariki kwa ajali ya gari nchini Kenya, hatujawahi kumwona akicheka wala akigeuza shingo.

Tukiulizwa kwa nini, majibu tunayo. Fedha hazikuwapo. Televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994. Kampuni ya filamu ya taifa, TFC, iliundwa mwaka 1968 na mzigo wake ulikuwa mkubwa kuliko uwezo wake. Yote hayo ni kweli. Ila kuna sababu nyingine ambayo sijaisikia ikitajwa kwenye mijadala ya historia yetu, nayo ni kasi ya filamu. Kamera ndogo za sinema, zile za kubeba mkononi, zilikuwapo duniani tangu miaka ya 1920. Kilichokosekana ni filamu ambayo ingeweza kuona gizani, na Morogoro, mji kasoro bahari, ni mji ambao mambo yake mazuri mengi yalifanyika jua likishazama.

Mwaka 1922 kampuni ya Pathé ya Ufaransa ilitoa projekta za nyumbani za mkanda wa milimita 9.5, kamera zake zikafuata. Mwaka 1923 Kodak ya Marekani ikaja na milimita 16, na mwaka 1932 ikaleta milimita 8, iliyokuwa nafuu zaidi. Watu wa Kodak walifanya uamuzi mmoja uliotawala sinema za nyumbani kwa miaka themanini. Badala ya negativu, ambayo lazima ichapwe nakala ndipo ionyeshwe, waliwauzia watu filamu ya kugeuza: mkanda uleule uliopita ndani ya kamera husafishwa ukawa picha kamili, ukawekwa kwenye projekta usiku uleule uliorudi kutoka posta. Ulikuwa uamuzi wa busara kwa mfuko wa mnunuzi. Ila filamu ya kugeuza haisamehe. Mwanga ukizidi kidogo, uso wa mtu unakuwa mweupe kama karatasi. Ukipungua kidogo, anazama kwenye weusi na hakuna wa kumtoa.

Ikafuata rangi. Kodachrome ilitoka mwaka 1935 kwa milimita 16 na mwaka 1936 kwa milimita 8, na kasi yake kwa kipimo cha ASA ilikuwa karibu 10. Mwaka 1961 ikapandishwa hadi 25, na watu wakaona wamepata kitu cha ajabu. Msomaji anayepiga picha kwa simu hawezi kujua namba hizo zilivyobana. Kamera ya kawaida ya milimita 8 hupitisha fremu 16 kwa sekunde, na kila fremu hupata mwanga kwa takriban sehemu moja ya thelathini ya sekunde. Mpiga picha za mnato akiwa gizani anaweza kuacha kamera wazi sekunde nzima, mradi watu wasitikisike. Mpiga sinema hana ruhusa hiyo, kwa kuwa fremu inayofuata inasubiri. Akishafungua tundu la lensi mpaka mwisho, amemaliza silaha zake zote. Kwa filamu ya ASA 25, ukumbi wa dansi wenye balbu chache za njano ulikuwa mweusi tii.

Kwa hiyo wenye kamera walipiga picha mchana. Katika makoloni walikuwa hasa maofisa, wamisionari, walowezi na wafanyabiashara, na nyingi ya sinema zao walirudi nazo kwao. Hifadhi ya nyaraka ya Bristol, Uingereza, ina mkusanyiko mkubwa wa filamu za aina hiyo kutoka makoloni mbalimbali, Afrika Mashariki ikiwamo. Anayezitazama sinema za kikoloni kwa muda mrefu huanza kudhani kwamba Waafrika wa zamani waliishi nje tu: gwaride, soko, shamba la mkonge, ngoma uwanjani saa nane mchana, watu wamekunja nyuso kwa jua. Wanaoisoma historia yetu kwa macho wasisahau kwamba picha hiyo, pamoja na jicho la mkoloni, imechongwa na filamu inayotaka jua la utosini.

Sinema za kufundishia nazo zilipita njia hiyohiyo. Kati ya mwaka 1935 na 1937 ulifanyika mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, makao yake yakiwa Vugiri, kwenye Milima ya Usambara, chini ya Meja L. A. Notcutt, ambaye kabla ya hapo alikuwa meneja wa mashamba ya mkonge. Fedha zilitoka kwa Carnegie Corporation ya Marekani. Walitumia milimita 16 kwa sababu ya gharama, sauti wakaiweka kwenye sahani za santuri, na wakapeleka sinema zao kwa gari Tanganyika, Kenya, Uganda na kusini zaidi: kodi, akiba ya posta, safura, malaria ya watoto. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, Colonial Film Unit ya London ilianza kugawa filamu za milimita 16 kwa maofisa wa makoloni ili wapige wenyewe, kisha mikanda irudi London kusafishwa na kuhaririwa. Ofisa aliyekuwa Tanganyika hakuona alichopiga mpaka miezi ipite. Mtu wa namna hiyo habahatishi na kivuli; anasubiri jua.

Sasa iweke hali hiyo kwenye Milima ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro. Tambarare ya mkonge kuelekea Kingolwira ina jua la kutosha kuchoma macho. Panda kupitia Morningside, nyumba waliyoijenga Wajerumani mlimani, endelea kuelekea Bondwa, na ndani ya saa chache umeingia kwenye msitu ambao mchana wake ni kama magharibi ya mjini. Mawingu yanayopanda kutoka Bahari ya Hindi hugonga miteremko ya mashariki na kutoa mvua inayolisha mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Ukungu ukishuka kati ya miti yenye ndevu za kuvumwani, kamera yenye Kodachrome ingekuletea mkanda mweusi wenye vitobo vichache vyeupe juu. Baadhi ya ndege wa mlima huo, akiwamo yule mbwigu wa Uluguru asiyepatikana mahali pengine popote duniani, huishi juu kwenye kivuli hicho.

Na ndani ya nyumba? Nyumba ya Mluguru kule Mgeta au Matombo ilikuwa na mlango mmoja, dirisha dogo au hakuna, moto katikati na moshi. Hapo ndipo bibi alipotoa hadithi, hapo ndipo wazee wa ukoo walipokaa kuamua mambo ya shamba na urithi. Mwali aliwekwa ndani kwa muda mrefu, na nikiri kwamba hilo naona lilistahili kubaki mbali na kamera ya mgeni. Lakini mengine yote tulinyimwa bila mtu kuamua tunyimwe. Machafuko ya Julai 1955, Waluguru walipoyakataa matuta ya ngazi waliyolazimishwa kuchimba, yameandikwa kwenye vitabu. Mazungumzo ya usiku yaliyotangulia siku hizo hayana hata kivuli cha picha.

Mambo yalianza kulegea taratibu. Super 8 ya mwaka 1965 ilileta kasha la plastiki la kuchomeka tu. Mwaka 1971 ikaja Ektachrome 160 pamoja na kamera zenye lensi pana, na kwa mara ya kwanza mtu aliweza kupiga sinema sebuleni kwa taa za kawaida. Mwaka 1978, ng'ambo ya Ruvuma, mtengenezaji sinema Mfaransa Jean Rouch alifundisha vijana wa Msumbiji kutengeneza sinema kwa Super 8 mjini Maputo, wapige asubuhi na waonyeshe karibu papo hapo. Kabla wimbi hilo halijatufikia sawasawa, video ikaingia, na kamera za zamani zikafungiwa makabatini.

Ndipo ikatokea jambo ambalo waliozitengeneza hawakulitarajia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Kodak ilianza kutia ndani ya makasha ya Super 8 negativu za sinema kubwa, na mwaka 2007 ikatangaza Vision3 500T, yenye ASA 500. Wauzaji wengine huikata filamu hiyohiyo na kuitoboa upya kwa ajili ya kamera za milimita 8 za zamani. Negativu iliweza kurudi kwa sababu hakuna tena haja ya kuchapa nakala: mkanda husafishwa, huskaniwa, na kompyuta huugeuza. ASA 500 ni mara 20 ya Kodachrome ya 1961 na mara 50 ya ile ya 1935. Ukumbi uleule wenye balbu za njano, kamera ileile yenye lensi ya f/1.9, na sasa mpiga ngoma anaonekana mpaka mishipa ya mkono. Zaidi ya hayo, filamu hii imepimwa kwa mwanga wa balbu za nyuzi, si wa jua, kwa hiyo rangi ya ngozi chini ya taa za zamani hutoka ya kweli.

Kamera za Super 8 nyingi hazijui namba 500. Zimefundishwa kutambua 40 na 160 tu, kwa hiyo huifanya filamu ipate mwanga zaidi ya inavyohitaji, kiasi cha mara tatu. Kwa filamu ya kugeuza hilo lingekuwa msiba. Kwa negativu ni heri, maana mwanga ukizidi kidogo, chenga hupungua, na kwenye fremu ndogo kama ukucha wa mtoto chenga ndio adui mkuu. Shida inakuja mchana. Ukitoka msituni na kamera hiyo ukashuka stesheni saa sita, hata tundu la lensi likibanwa hadi f/16 mwanga bado unazidi karibu mara ishirini. Dawa ni kichujio cheusi kinachopitisha sehemu moja kati ya nane. Kilichobaki negativu itakimeza.

Kamera nyingine ya zamani, Bolex H16 ya Uswisi, iliyoanza kuuzwa mwaka 1935, haihitaji betri. Unaitia ufunguo kama saa ya ukutani, inakimbia karibu nusu dakika, unaitia tena. Zamani mkanda wake uliweza kuupachika chini ya mwembe. Wa ASA 500 ni salama zaidi ukiupachika kwenye chumba cheusi, maana mwanga unaweza kuunguza kingo zake. Uhifadhi kwenye friji, kwa kuwa joto la Morogoro huuchosha. Ukisafiri nao, omba ukaguliwe kwa mkono uwanja wa ndege, maana mashine mpya za mizigo huutia ukungu. Dawa za kuusafisha nazo si zile za studio za picha za mtaani, na kwa miaka mingi filamu hiyo ilikuwa na tabaka jeusi la kaboni mgongoni ambalo lingechafua mashine yote.

Kwa familia zenye mikanda ya zamani, iwe ya harusi, ya shule au ya misheni, inusini leo. Filamu ya asetati inayoharibika kwa joto na unyevu hutoa harufu ya siki. Ukiisikia, usiupitishe mkanda huo kwenye projekta. Utenge na mingine, uweke mahali pakavu penye ubaridi, na utafute mtu wa kuuskani kabla haujasinyaa kiasi kwamba matundu yake hayashiki tena meno ya mashine.