Kaboni ya Shambani na Majina Yake

Mfasiri wa vijitabu vya kilimo hukutana na swali moja gumu: kaboni iliyomo udongoni aiite nini? Wako waandikao "hewa ukaa ya udongoni". Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa kufuata historia ya uchunguzi wenyewe, kwa nini jina hilo halifai.

Mmea huvuta hewa ukaa na, kwa usanisinuru, huigeuza kaboni yake kuwa sukari. Tangu hapo kaboni hiyo si hewa tena, bali ni jani, bua na mzizi. Mavuno yakiisha, masalio huoza. Lakini ni kiasi gani hubaki shambani? Huko Rothamsted, Uingereza, ambako majaribio ya ngano yalianza mwaka 1843, wataalamu waliweza kupima jumla tu, kwani kaboni ya mabua mapya haikupambanulika na ile ya mboji ya zamani.

Njia ilifunguka mwaka 1940, Martin Kamen na Samuel Ruben walipoigundua kaboni-14 huko Berkeley, Marekani. Kaboni hiyo hutoa mnururisho, hivyo mmea uliokuzwa katika hewa yenye kaboni hiyo huwa kama uliotiwa chapa. David Jenkinson wa Rothamsted alichanganya nyasi za namna hiyo na udongo, na mwaka 1965 akaeleza kwamba baada ya mwaka mmoja ilibaki theluthi moja hivi ya kaboni yake, na baada ya miaka minne, sehemu ya tano. Mwaka 1977 yeye na A. Ayanaba walitoa matokeo ya Nigeria: huko nyasi zilioza upesi mara nne kuliko Uingereza. Kaboni iliyopotea ilikuwa imerudi angani, ikitolewa na vijidudu vya udongo.

Basi mambo ni matatu, na kila moja lina jina lake. Hewa ukaa ni gesi. Kaboni ni elementi. Mboji ni masalio yaliyooza yakawa sehemu ya udongo. Wala hatuna haja ya kutohoa neno la Kilatini na kuandika "humusi", kwa kuwa humusi kwa Kiswahili ni hiyo hiyo mboji.

Mkulima akiambiwa ahifadhi hewa ukaa, atatazama juu. Akiambiwa asichome mabua, bali ayarudishe shambani kila msimu kwa kuwa mboji ya nchi za joto huisha upesi, atajua la kufanya.