Neno "Askari" na Historia ya Kukimbia Polisi katika Nile Magharibi, Uganda

Katika mijadala ya usalama, kukimbia polisi huchukuliwa kuwa nusu ya ungamo: asiye na hatia, husemwa, hana sababu ya kutoroka. Historia ya Nile Magharibi, kuanzia Kuluva na Arua hadi Koboko mpakani, inaitilia shaka hoja hiyo.

Eneo hili lilikuwa chini ya utawala wa Leopold II, likapewa Sudani mwaka 1910, kisha mwaka 1914 likaingizwa Uganda, A. E. Weatherhead alipoanzisha kituo cha Arua. Watawala walibadilika, mwenye bunduki alibaki yuleyule machoni pa mwanakijiji. Ikafuata kodi ya kichwa, na baadaye kodi ya halmashauri iliyofutwa mwaka 2005. Asiye na stakabadhi alikamatwa. Aliyejificha kichakani hakuwa mwizi. Alikuwa amekosa fedha tu.

Hata hivyo, jeraha kubwa ni la baada ya 1979. Idi Amin alipoangushwa, wakazi wa eneo alikotoka walihesabiwa kuwa watu wake. Oktoba 1980 waliokuwa wanajeshi wake walishambulia kutoka Zaire na Sudani. Jeshi jipya, UNLA, liliporejea, raia ndio waliolipizwa. Mamia ya maelfu walivuka mipaka. Tarehe 24 Juni 1981, wanajeshi waliwaua raia waliokuwa wamekimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na Arua. Waliouawa pale hawakuwa wakikimbia: walikuwa wametulia mahali walipodhani ni salama. Mafunzo ya tukio kama hilo hayahitaji mwalimu.

Hapa ndipo lugha inapohusika. Katika Kiswahili, polisi, mwanajeshi, mlinzi wa gereza na hata bawabu wa usiku, wote ni askari. Mzungumzaji wa Dar es Salaam huzitofautisha maana hizo kwa muktadha bila taabu. Nile Magharibi, muktadha wenyewe ulizichanganya, kwa kuwa sare zote zilitoa amri kwa lugha moja. Amin alikuwa amekitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Miaka michache baadaye kikawa lugha ya waliowasaka watu wa kwao. Tena, na hili husahauliwa mno, wengi wa waliokimbia walikuwa jamaa za askari wa zamani. Walikijua Kiswahili cha kambini vizuri, na walijua kinachoweza kufuata baada ya "Simama!"

Kijana aliyezaliwa baada ya wakimbizi kurejea hakuyaona hayo, ila amelelewa na walionusurika kwa miguu yao. Afisa anayeandika kwamba mtuhumiwa "alitoroka" hana budi kueleza kwanza kama alijitambulisha, kwa lugha gani, na kama sare yake ilitofautika na ya jeshi. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Huko Kuluva, wanafunzi watakaolisoma neno askari darasani watakuwa wamekwisha kulisikia nyumbani, kwa maana ambayo kamusi haina.