Nyimbo ni zako, funguo ni za nani?

Ukitaja kicheza muziki cha mfukoni, wengi wanakumbuka iPod tu, kana kwamba kabla yake hakukuwa na kitu. MPMan ya Korea Kusini ilitoka 1998, na mwaka huohuo Wamarekani wakaleta Rio PMP300. Kampuni za muziki zikawashtaki watengenezaji wa Rio, na mwaka 1999 mahakama ya rufaa ikazikatalia.

iPod ilikuja Oktoba 2001, kwa dola 399, tena ya kompyuta za Mac tu. Mimi naamini kilichoiuza ni iTunes kuliko umbo lake. Unachomeka waya, programu inapanga kila kitu. Raha tupu! Sasa jaribu kuzitoa nyimbo hizo. Zimefichwa kwenye folda usiyoiona, na majina ya faili yamegeuzwa kuwa herufi nne zisizo na maana. Ukiichomeka kwenye kompyuta nyingine, iTunes inakuuliza kama ifute vyote ianze upya. Hebu fikiria mtu asiye na kompyuta yake, anayetegemea ya rafiki au ya intaneti kafe. Atafanyaje?

iRiver ya Korea ilimheshimu mtu huyo. H120 ya mwaka 2003 ilionekana kwenye kompyuta kama diski ya kawaida: nakili faili, chomoa, ondoka.

Sony, hao hao wenye Walkman tangu 1979, wananishangaza mpaka leo. Walikuwa na vifaa, walikuwa na kampuni ya muziki, na hofu ya wizi wa nyimbo ikawafunga mikono. Kila MP3 ilibidi igeuzwe kwanza kuwa ATRAC kwa programu yao nzito, SonicStage. Walipolegeza mwishoni mwa 2004, wateja walishahamia kwa Apple.

Kichekesho ni Microsoft. Mwaka 2004 walianzisha PlaysForSure, yaani muziki utakaocheza bila wasiwasi. Mwaka 2006 wakatoa Zune yao wenyewe, na nyimbo hizo zikagoma kucheza humo. Aliyelipia alale wapi?

Wakati wakubwa wakigombana, vijana wa Sweden walikuwa wameshaanza Rockbox mwishoni mwa 2001, programu ya bure ya kuwekwa mahali pa ile ya kiwandani. Ilianzia kwenye vifaa vya Archos, ikafika iRiver, kisha iPod yenyewe. Apple waliondoa kufuli kwenye nyimbo walizouza mwaka 2009, na Mei 2022 wakaacha kutengeneza iPod. Rockbox ilitoa toleo la 4.0 mwaka 2025.